Mpindo Usiogusa Misumari

Kosa langu lilikuwa dogo, la kidole kimoja. Nilibonyeza kitufe, nikachagua aina ya mstari, nikaenda kunywa chai. Sitaki mtu aniambie kwamba ajali haina kinga. Msemo huo nimeuchoka, na ninaowasikia wakiusema mara nyingi ni watu waliokuwa na kinga mkononi wakaona uvivu kuitumia. Mimi ni mmoja wao.

Nilikuwa mchoraji wa karakana ya mashua, hapa Musoma, ufukweni. Nilisomea uchoraji wa ufundi mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na karatasi ya kuchorea tuliikata vipande vinne, nikarudi nyumbani na cheti kimoja na kiburi cha vyeti vitatu. Karakana ilikuwa mali ya ushirika. Fundi mkuu alikuwa kaka yangu Apolinary, aliyeshika nafasi hiyo baada ya baba yetu, mzee Wenceslaus. Mimi nilichora, yeye alijenga, na kwa kusema ukweli alijenga bila kuitazama sana michoro yangu. Niliumia kwa hilo. Sasa naona aibu kwamba niliumia.

Namna yake ya kazi ilikuwa hii. Ndani ya banda kulikuwa na sakafu ya mbao, pana, iliyopakwa chokaa. Akishapima anachotaka, alipigilia misumari kwenye sakafu, mmoja kwa kila kipimo, kisha akachukua ufito mrefu wa mti mbichi na kuukunja taratibu mpaka ulale kwenye misumari yote. Ufito ukigusa kila msumari bila kulazimishwa, alivuta mstari wa chaki pembeni yake, na huo ndio uliokuwa ubavu wa mashua. Ufito ukikataa msumari mmoja, hakuusogeza msumari hivi hivi. Alirudi kwanza kwenye kamba ya kupimia. Ama yeye alipima vibaya, ama ufito una kifundo, na alitaka kujua ni lipi.

Jambo jingine ulijue mapema. Kwetu, siku mashua mpya inapobeba mzigo wake wa kwanza, fundi aliyeijenga huketi ndani yake, katikati, juu ya mzigo wenyewe, mpaka ifike iendako. Asipoketi, hakuna mvuvi wa Kibara wala wa Majita atakayekanyaga ndani. Halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kulipuuza. Baba aliketi, na Apolinary alikuwa ameketi katika mashua thelathini na sita. Kwa hiyo kila mstari niliouchora mimi, mwisho wake ulikuwa ni kaka yangu juu ya maji.

Mwaka tisini na tatu ushirika ulikufa. Ulikuwa umeugua muda mrefu, na siku ulipokufa hakuna aliyeshtuka. Karakana ikauzwa kwa kampuni binafsi iliyokuwa ikikusanya sangara, maana siku hizo sangara alikuwa ndiye mfalme wa ziwa na kila mtu alimkimbilia. Nusu ya wafanyakazi walikuta majina yao yamebandikwa mlangoni asubuhi ya Jumatatu, kwenye orodha ya wanaoachishwa kazi. Apolinary hakuwemo, mimi sikuwemo. Lakini meneja mpya, Bwana Hamduni, mtoto wa mfanyabiashara wa pamba kule Bunda, alitwambia wazi kwamba orodha ya pili ipo mezani kwake, na kwamba asiyeweza kufuata majedwali ya mashine hatakuwa na nafasi. Alisema hivyo huku akimtazama kaka yangu, aliyeishia darasa la nne.

Hamduni hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepumua vizuri zaidi. Alikuwa mtu mwenye wasiwasi, aliyekuja kazini na shati lililopigwa pasi vizuri na kuondoka nalo limelowa mgongoni.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta. Ililetwa kwenye gari la samaki, ikawekwa ofisini kwangu, nikaishonea kitambaa cha kuifunika chenye maua pembeni kama redio ya bibi harusi. Akaja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam kunifundisha programu ya kuchora maumbo ya mashua, yale yanayozunguka kwenye kioo ukaweza kuyaona chini, juu na ubavuni. Alikaa siku tisa. Siku nne kati ya hizo hapakuwa na umeme. Alipoondoka aliniachia kitabu kinene cha maelekezo kwa Kiingereza, nami nikakiweka chini ya kompyuta ili kioo kinyanyuke kidogo.

Programu ilikuwa na mipindo ya aina tatu. Wa kwanza haukuwa mpindo hasa: uliunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, pembe baada ya pembe. Wa pili ulipita katikati ya kila nukta uliyoiweka, kama ufito wa kaka yangu kwenye misumari yake. Mimi niliuita mpindo wa kupita. Wa tatu ulikuwa laini kuliko yote, na niliuita mpindo wa kuvutwa. Kijana wa Dar alisema nukta zinauvuta, akapunga mkono hewani kuonyesha ulaini wake, nami nikaandika kwenye daftari, "laini sana." Sikuandika kitu kingine.

Kampuni ilitaka mashua kubwa ya kukusanyia samaki, na Hamduni akauliza ipi ndiyo mashua bora katika eneo lote hili. Kila aliyeulizwa alitoa jina moja, Getruda, mashua ambayo baba aliijenga mwaka sabini na moja na kuipa jina la mama yetu. Ilikuwa bado inafanya kazi. Tukaivuta nchi kavu, mimi na Apolinary tukaipima kutwa nzima. Yeye aliita namba, mimi niliandika. Ilikuwa siku nzuri. Alinionyesha mahali baba alipokosea akaziba kwa kipande cha mbao, akacheka, akasema mzee angejua kwamba tumepagundua angetuchapa.

Namba nikaziingiza kwenye mashine. Nilitumia kwanza mpindo wa kupita, ukatoka mbaya. Ulikuwa na mabonde na vilima, kwa sababu Getruda ilikuwa na miaka ishirini na tatu na mbao zake zilikuwa na uvimbe huku na huko, na kwa sababu kamba yetu ya kupimia nayo ilikuwa imechoka. Nikajaribu mpindo wa kuvutwa. Hapo mashua ikatulia kwenye kioo, ikawa laini kama yai, hata mimi mwenyewe nikabaki nikiitazama. Nikamwita Hamduni.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Bi Pelagia, hii ndiyo kazi."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Miaka kumi na moja nilikuwa nachora vitu vinavyofungiwa kabatini. Nikabonyeza kitufe cha kukubali, majedwali yakatoka kwenye printa, na kama nilivyosema, nikaenda kunywa chai. Sikuuliza mpindo umepita wapi.

Apolinary alichukua majedwali akaenda nayo kwenye sakafu yake. Hakuyapinga. Alipigilia misumari kwa namba za mashine, akalaza ufito, ukagusa kila msumari bila tatizo. Akasimama akiutazama mstari kwa muda mrefu. Kisha akalala chini chali juu ya sakafu, akanyoosha mikono kupata pima, akaamka, akaongeza shibiri kwa kiganja. Akatuma mtu aniite.

"Pelagia," alisema, "baba alikuwaga anaweka pima moja na shibiri mbili hapa katikati. Hii yako ni pima moja na shibiri moja."

"Si yangu. Ni ya mashine."

"Sawa, ya mashine. Imepungua shibiri moja. Na hapa chini, kwenye nyonga, pale ubavu unapopinda kuingia tumboni, angalia, haina nyonga. Mashua bila nyonga inakaliaga nini?"

Nilikuwa na jibu. Mtu aliyesoma hakosi jibu, na hilo ndilo balaa lake. Nilimwambia kwamba mbao za Getruda zimekunywa maji miaka ishirini na tatu, zimevimba, na mashine imeondoa ule uvimbe wote ikarudisha umbo lenyewe. Nilimwambia mbele ya mafundi wengine sita. Nikaongeza kwamba kupima kwa mikono kulikuwa kwa enzi za baba, na kwamba mikono ya watu hailingani.

Alinitazama bila hasira. Ningependa angekasirika.

"Mbao ilivimbaga shibiri nzima?" aliuliza.

"Pande mbili. Nusu huku, nusu huku."

"Haya," alisema. "Wewe ndiye umesoma." Akachukua chaki, akavuta mstari.

Alijua Hamduni amesimama mlangoni. Nilijua pia.

Wakaanza kukata mataruma, zile mbavu za mashua, kwa mbao za mvule. Kampuni nayo ikataka kingo zipandishwe shibiri moja juu zaidi ya Getruda, ili masanduku ya barafu yaenee. Kwa hiyo mashua ikawa nyembamba kuliko ya baba na ndefu kwenda juu kuliko ya baba. Apolinary alipoletewa agizo hilo aliuliza tena, mara moja tu, kama mashine imekubali. Nilimwambia imekubali. Mashine hukubali kila kitu, lakini hilo sikumwambia.

Mwezi wa saba umeme ulikatika wiki nzima, nikakaa ofisini sina cha kufanya. Nikakivuta kile kitabu chini ya kompyuta, nikaanza kukisoma na kamusi pembeni, kwa kuchoka kukaa bure tu. Kwenye sura ya sita kulikuwa na picha. Ilionyesha nukta tano zimepangwa kwa umbo la paa la nyumba, na chini ya paa hilo, ndani, mpindo. Mpindo uligusa nukta ya kwanza na ya mwisho. Zile tatu za katikati haukuzigusa kabisa. Ulipita ndani yake, mbali nazo, na kila palipokuwa na kona kali ndipo ulipokimbia mbali zaidi. Maelezo yalisema nukta hizi si za kupitiwa, ni za kuvuta tu, na mtumiaji asizichanganye na vipimo vya kitu halisi.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nilikuwa nimechukua vipimo vya ngozi ya mashua ya baba nikavifanya nukta za kuvuta, na mashine ikanichorea mashua nyingine, iliyo ndani ya ile, ndogo yake, iliyokatwa nyonga zote mbili. Umeme uliporudi nililaza mipindo miwili pamoja kwenye kioo, wa kupita na wa kuvutwa, nikapima tofauti katikati. Ilikuwa shibiri moja.

Bandani walikuwa wanapigilia ubao wa tatu kutoka juu.

Nilikwenda kwa Hamduni siku hiyohiyo. Nampa haki yake, alinisikiliza mpaka mwisho, na alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kaka yako?"

"Alisema tangu mwanzo. Mimi ndiye nilimkatalia."

Jasho lilikuwa limeshaanza mgongoni. Kisha akasema kwamba mashua nyembamba zaidi ya hiyo zinatembea ziwani kila siku, jambo ambalo ni kweli, ila hazibebi tani tatu za sangara na barafu juu ya kingo zilizopandishwa. Akasema wenye kampuni wakisikia kwamba mbao zote zile zimekatwa vibaya, watafunga karakana kabla ya mwezi kwisha. Akasema orodha ya pili itaanzia chumba cha kuchorea. "Tutaandika barua," alisema. "Isipakiwe zaidi ya nusu. Barua ya ofisi, ina muhuri. Wakifuata barua, hakuna tatizo."

Nilikubali. Nataka hilo lisomeke vizuri. Hakunilazimisha, wala hakunitishia zaidi ya hapo. Nilikuwa napanga chumba Kamunyonge, nilikuwa na miaka thelathini na minne bila mume, na mbele ya watu nilikuwa ndiye mwanamke pekee Musoma nzima anayejenga mashua kwa kompyuta. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko nilivyompenda kaka yangu kwa wiki zile tano. Baadaye nimejaribu kulisema kwa namna nyingine na sijaipata.

Mashua ilishushwa majini mwezi wa nane. Ikiwa tupu ilikuwa nzuri ajabu. Ilikimbia, haikurusha maji, watu wakapiga vigelegele, Hamduni akanishika mkono mbele ya wageni. Apolinary na vijana wanne wa mashua wakaipeleka Kibara, nyumbani kwetu, ambako ingechukua mzigo wa kwanza wa sangara na kuuleta Musoma kwa kuzunguka Majita. Barua ilikuwa bado haijapigwa chapa. Ilipokuwa tayari, Hamduni alisema atampa dereva wa gari la samaki. Nikasema nitaipeleka mwenyewe. Nilijiambia kwamba nikifika nitamwambia kaka yote, mimi na yeye, pembeni.

Nilipanda basi la alfajiri. Nilipofika Bunda jua lilikuwa limepanda, nikapata lori la pamba linaloelekea Kibara, nikakaa mbele na dereva. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Kaka, nilikosea mpindo. Kaka, ulikuwa sahihi, imepungua shibiri moja, pima tena. Maneno hayakuwa magumu, hata mtoto angeyaweza.

Ufukweni nilikuta watu wengi. Wavuvi walikuwa wameleta sangara tangu asubuhi, samaki wamelazwa kwenye majani, wengine wakubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Barafu ilikuwa imefika. Wifi yangu Skolastika, mke wa Apolinary, mtu wa Butiama mwenye sauti ya chini, alikuwa ameleta viazi na chai kwa ajili ya wapakiaji. Apolinary alikuwa amevaa shati lake la kanisani, kama alivyofanya kila siku ya mzigo wa kwanza. Aliponiona alifurahi sana. Alidhani nimekuja kuishuhudia mashua yetu.

"Umekuja kuniona nikikaliaga kazi yako," alisema.

Vijana wale wanne walikuwa wanasikiliza, na wavuvi, na karani wa kampuni na daftari lake. Nikamkabidhi barua. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Nusu," alisema. "Kwa nini nusu?"

"Ofisi imesema."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Nieleze kwa nini, maana asiyeishi miaka ile hawezi kujua. Karakana yetu ilikuwa imepokea barua za ofisi kwa miaka ishirini. Kulikuwa na barua ya kutukataza kuziba mashua kwa pamba kwa kuwa pamba ni ya kuuzwa nje, na hakuna kingine cha kuzibia. Kulikuwa na barua ya kutaka kila idara ilime ekari mbili za mihogo, na idara ya kushusha mashua, isiyokuwa na shamba ila maji, ikalima kwa mdomo tu. Wakati wa vita ilikuja barua ya kuzuia mashua zote zisiondoke ufukweni, ikafika baada ya vita kwisha. Tulijifunza namna ya kuziheshimu. Unaipokea kwa mikono miwili, unaikunja vizuri, unaendelea na kazi. Amri ya ofisi ilikuwa kitu cha ofisi, haikuhusu maji wala mbao. Ningemwambia neno moja la mbao angelibeba moyoni. Nilimpa muhuri.

"Wanaogopa kuchakaza chombo chao kipya," alisema karani. "Na samaki hawa wengine tuwapeleke wapi? Waoze?"

Apolinary alikunja barua akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akanisogelea, akaacha kucheka, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu. Aliniuliza hivyo hasa: kuna kitu, mdogo wangu?

Nafasi ilikuwa hiyo. Alikuwa ameinama, sikio lake karibu na mdomo wangu, na hakuna ambaye angesikia. Nikafikiria vijana wale wangesema nini, na karani angepeleka habari gani Musoma. Nikafikiria uso wake wa siku ile kwenye sakafu, niliposema kuhusu uvimbe wa mbao. Nilishindwa na aibu, si kitu kingine.

"Hapana," nilisema. "Ni barua tu."

"Haya."

Wakapakia. Nilikaa na Skolastika nikala kiazi. Nilihesabu masanduku mpaka nusu, nikangoja waache, hawakuacha. Nilisimama mara moja, Skolastika akaniuliza nataka nini, nikasema maji. Kila sanduku liliposhushwa mashua ilizama kidogo na kuyumba, na kila ilipoyumba ilichelewa kurudi. Apolinary aliliona hilo. Nilimwona akiliona. Aliweka kiganja kwenye ukingo akaubonyeza chini, akasubiri, akaubonyeza tena. Halafu akapanda, akapita juu ya masanduku, akaketi katikati, kwa sababu siku hiyo ilikuwa ni ya fundi kuketi na vijana wanne walikuwa wanamtazama waone kama ataketi.

Hapakuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limelala kabisa. Mashua iliondoka kwa injini, polepole, ikafika mahali ambapo bado ungeweza kumtambua mtu kwa shati lake. Kijana mmoja aliinama upande wa kulia kuchota maji ya kumwagia barafu. Alifanya hivyo tu, kuinama. Mashua ikamfuata. Masanduku yakateleza upande huohuo, ikageuka tumbo juu bila haraka, kama mtu anayejigeuza kitandani, na sote tukaona upande wake wa chini, uliochongwa vizuri, hauna nyonga.

Vijana wanne walitoka wakashikilia mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Mitumbwi ilikwenda. Apolinary alikuwa ameketi pale mila ilipomtaka aketi, na mashua ilipogeuka akawa chini ya mzigo wote. Walimleta kabla ya magharibi, shati lake la kanisani likiwa limefungwa vifungo vyote.

Tukamzika siku ya tatu, palepale Kibara. Kwetu, kabla ya jeneza kushushwa, husomwa historia ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi, na chanzo cha kifo chake. Katekista Alfonce alinipa karatasi na kalamu akasema niandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia. Hamduni alikuwa amefika na gari, amekaa na wanaume. Alikuja nilipokuwa nikiandika akasimama mbele yangu, macho mekundu, naamini kwa kulia kweli.

"Andika upepo," alisema. "Tafadhali. Hata kwa ajili ya mafundi waliobaki."

Mara hii niliandika yote. Niliandika kwa Kiswahili chepesi, kila neno nikilichagua ili bibi asiyejua kusoma aelewe.

Nikasoma. Alizaliwa mwaka arobaini na nane. Alisoma mpaka darasa la nne. Alijenga mashua thelathini na saba. Ameacha mjane na watoto watano. Watu walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Nikafika kwenye chanzo cha kifo. Nikasema mashine ina mipindo ya aina tatu. Nikasema mmoja unapita kwenye nukta na mwingine unavutwa tu, hauzigusi, na mimi nilichagua huo wa kuvutwa kwa sababu ulikuwa mzuri kutazama. Nikasema mashua ilipungua shibiri moja, na kwamba marehemu aliliona hilo kwa mikono yake nami nikamnyamazisha, na kwamba siku ya mwisho aliniuliza nikasema hapana. Nilitupa karatasi nikaanza kuonyesha kwa mikono, hizi ndizo nukta, huku ndiko mpindo unakopita.

Kisha mtu akakohoa. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, na aliponitazama nikaona kwamba ananililia mimi. Wavuvi wazee walikuwa wameinamisha vichwa kwa heshima, kama watu wanavyomwinamia mgonjwa anayepayuka kwa homa. Nilirudia. Nilisema nukta, nikasema mpindo, nikasema nimemuua. Hamduni, aliyeelewa kila neno, alikuwa anatazama viatu vyake.

Katekista Alfonce akanijia taratibu, akaokota karatasi, akanishika bega.

"Tumwombee dada yetu Pelagia," alisema kwa watu. "Uchungu umemzidi."

Wakaitikia. Skolastika akaja akanikumbatia, akanikandakanda mgongo kama mtoto, akaniambia, "Wifi, basi. Ni upepo tu. Kazi ya Mungu haina makosa." Nikamwambia hapakuwa na upepo, wewe mwenyewe ulikuwa pale, uliona. Akanibana zaidi, akaninong'oneza ninyamaze, nipumzike, nimeshalia vya kutosha.

Wimbo ukaanza. Nilikuwa bado nimeinua mikono, mmoja umekunjwa kufuata mpindo, mwingine umenyooka mahali ambapo nukta ingekuwa, shibiri moja kati yake. Katika uwanja mzima ule alikuwepo mtu mmoja ambaye angeitazama mikono ile mara moja tu akajua ninasema nini, na walikuwa wanamshusha.